Kijiko cha Trakta Kilichopimwa Kasenga

Kati ya uhuru wa Kongo na uasi, mimi ndiye nilikuwa shofere pekee wa trakta kutoka Uvira mpaka Kamanyola. Labda walikuwepo wengine wawili watatu, lakini hao waliendesha tu, mimi nilipaa. Trakta yangu ilikuwa na kijiko mbele, lile dude la chuma la kuzolea mchanga, na Mzungu aliyeijua vizuri alivuka mpaka wa nchi wiki ile ya uhuru bila kunieleza jambo moja: ukikaa kitini, kapo, kile kifuniko cha injini, inakuziba macho, huoni kama kijiko kimelala sawa au kimeinamisha mdomo.

Basi nilimwaga mchanga. Tulikuwa tunajenga ghala la mpunga Luvungi, na kati ya mto na ghala nilimwaga mpaka barabara ikataka kuwa mlima. Akina mama walinifuata na vikapu. Mmoja alimaliza kukandika nyumba nzima kwa mchanga wangu, akanishukuru mbele ya shefu, msimamizi wetu wa kazi. Shukrani ile iliniponza. Shefu, mtoto wa Uvira kama mimi, aliniambia taratibu kwamba nikimwaga tena Jumatatu, volani, yaani usukani, anampa mwingine, mimi narudi kwenye jembe la pamba. Na kwetu Kasenga, mtaa wa Uvira, watu walikuwa wananivulia kofia, hata wasio na kofia!

Jumamosi alinituma Uvira kuchukua saruji, trakta ikalala kwetu. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya usiku, pembe zote za dunia nazijua kwa majina. Nikachomoa fito ya chuma kwenye kitanda chetu. Nilimweleza mke wangu kwamba kitanda kikilegea usingizi unanoga. Akauliza kama hayo nayo nilifundishwa usiku. Fito niliifunga nyuma ya kijiko, nikaipitisha ndani ya kipande cha bomba nilichofunga kwenye mkono wa trakta. Kijiko kikiinama, fito inateleza, nami kitini naiona. Ilibaki kupaka alama nyekundu pale ambapo kijiko kimelala sawa.

Trakta ilisimama barabarani, pua imeelekea ziwani. Nikalaza kijiko kwenye uwanja wetu, chini kidogo ya barabara, nikapaka. Uwanja ule ulikuwa sawa. Nilizaliwa pale, na majirani wote walithibitisha. Ni kweli sufuria ikidondoka uwanjani inakwenda yenyewe mpaka majini, lakini Uvira kila kitu kinakwenda ziwani, na hakuna aliyewahi kuulaumu udongo.

Jumatatu nilizoa mchanga, nikaileta alama kwenye mdomo wa bomba, nikaondoka naimba, macho kwenye alama. Haikucheza hata kidogo. Akina mama walikuja nyuma wakipiga vigelegele. Nikadhani ni heshima. Nikafika ghalani na kijiko cheupe kama sahani ya padri.

"Muchanga iko wapi?" shefu akauliza.

"Shefu, angalia alama. Iko sawa kabisa."

Akasema masomo yangu ya usiku yamejaa giza, nishuke, nione mtu mwenye macho anavyopima. Akajizolea mchanga mwenyewe. Akashuka, akachuchumaa pembeni, akafumba jicho moja, akapanda kurekebisha, akashuka tena. Aliporidhika akaondoka kifua mbele. Alifika na mchanga usiojaza kofia.

Yule mama aliyekandika nyumba alikuwa ameshajaza kikapu. "Bwana shefu, na weye ni wa Uvira?"

Shefu akakubali.

"Ndio maana. Kule munazaliwaka mumeinama."

Watu wa Luvungi, waliozaliwa kwenye tambarare, walicheka mpaka nadhani Burundi walisikia. Shefu alibaki kitini akipiga hesabu ambayo hata mimi niliiona usoni: akinifukuza mimi, itabidi ajifukuze na yeye, tena yeye alimwaga bila hata fito. Mwishowe akashuka, akanionyesha volani kwa kidevu, akanong'ona:

"Paka alama ingine hapa hapa Luvungi. Na usipime tena kitu Uvira."