Kigingi Namba Nne

Shughuli nzima imenigharimu Jumamosi tatu, kopo la rangi nyekundu, kamba ya mita thelathini niliyoitoa dukani kwangu, na usingizi wa wiki hii. Kamba naweza kuisamehe.

Nauza vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Nilijitolea kwenda na wanafunzi wa shule moja ya huko juu Uluguru, wajifunze hisabati na sayansi kwenye ukingo wa msitu wa hifadhi: kupima eneo, kuhesabu miche, kukadiria mingapi itapona. Mwalimu wao alinitaka mimi kwa sababu, alisema, "wewe huuzi hata msumari bila kuuhesabu mara mbili."

Ramani ilionyesha mpaka wa hifadhi uko mita thelathini juu ya njia. Tukaanza na kamba njiani, tukapanda nayo, na ilipoishia tukachomeka kigingi namba nne; vitatu vya kwanza tulivichomeka njiani. Nikapima mara mbili. Mara zote mbili thelathini. Wanafunzi wakachora mchoro, wakaandika "mpaka", nami nikatia sahihi kama shahidi. Mwalimu akaupeleka ofisi ya misitu.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta bibi mwenye shamba la karoti amekaa kando ya kigingi, jembe mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii nyekundu ya nini? Mjini mkipaka nyekundu, nyumba inavunjwa."

"Ya wanafunzi tu, bibi. Wanajifunza hesabu."

"Wajifunzie kwenu. Hapa kalima mama wa mama yangu." Akavitazama viatu vyangu. "Mpaka uko kule juu, kwenye jiwe. Hata mbuzi wangu wanaujua."

Nilitaka kumbishia. Nabishana na mafundi kila siku, na mara nyingi nashinda. Lakini mwalimu alikuwa ameinyoosha tena kamba kutoka njiani, akiangalia ilivyolalia mteremko.

"Tumekosea," alisema taratibu. "Ramani inapima kama vile mlima umelazwa chini. Sisi tumefuata mgongo wake."

Tukarudia, safari hii kwa vipande vifupi, ngazi kwa ngazi, kila kipande kimeshikwa sawa kama maji yaliyotulia. Kigingi changu kilikuwa mita ishirini na sita tu kutoka njiani. Ya thelathini ikaangukia kwenye jiwe la bibi. Kati ya kigingi na jiwe kulikuwa na matuta matatu ya karoti ambayo, kwa sahihi yangu, yalikuwa yameshaingia hifadhini.

Na dukani nina mpira wa maji, ule wa mafundi wa kusawazishia msingi. Naukodisha karibu kila siku. Sikuubeba.

Mwalimu akamweleza bibi kosa letu, na mchoro uliokwenda ofisini. Bibi hakucheka. Aliuliza tu, "Na ile karatasi iliyoenda mjini, nayo mtaihamisha?"

Kigingi tumekihamisha. Karatasi bado. Ofisa wa misitu anapanda huku mlimani Jumanne kukagua mpaka, na bibi hajui ang'oe karoti zikiwa changa au asubiri. Mwalimu anaogopa tukikiri kosa, wanafunzi watanyang'anywa kile kipande cha msitu walichopewa kujifunzia. Mimi naogopa zaidi tusipokiri.

Wewe uliyewahi kuifuata sahihi yako ndani ya ofisi ya serikali ukarudi nayo, nishauri: Jumatatu niende na mwalimu, au niende peke yangu, na mpira wa maji begani?