Mstari Nilioufuta Kwenye Mwongozo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikaa kimya tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikijua kitu ambacho wenzangu walikuwa wanakitafuta kwa jasho. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezaa, nimezika, nimestaafu kwa heshima, na leo nina raha zangu. Lakini nikiona kijana anaandika maelekezo ya mashine na kuruka mahali, moyo wangu hurudi Lindi, kwenye kile chumba cha kumbukumbu cha hospitali ya misheni.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokaa miaka na rafu tupu yalikuwa yanajaa tena, na kompyuta nazo zikaanza kuingia mjini moja moja. Mimi nilizaliwa Kilwa Kisiwani, nikasoma kompyuta mwaka mmoja Dar es Salaam, nikaajiriwa pale hospitalini nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mchopa, Mmakonde mtaratibu, Mkatoliki wa kusali kila alfajiri, ambaye alianza kazi ya karani wakati mimi sijazaliwa. Kompyuta alijifunzia uzeeni. Asichokijua aliuliza, hata kwangu, wala hakuona haya.

Tulikuwa na kompyuta moja tu, lakini ndani yake mlikuwa na programu iliyoigawa ikawa kama kompyuta nne. Tuliziita mashine pepe. Watu wa dawa walikuwa na yao, wodi ya wazazi yao, mapokezi yao, na kliniki ya kifua kikuu yao. Kila mmoja alikaa mbele ya kioo chake akidhani ana kompyuta nzima peke yake. Kuzisimamia zote kulikuwa na ukurasa mmoja, wenye orodha ndefu ya vipengele vya prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Mbele ya kila kipengele unaandika: kiwashwe au kizimwe.

Kitabu cha programu ile kilikuwa cha Kiingereza. Mzee Mchopa akaniambia nikiandike kwa Kiswahili, ili hata siku sisi hatupo, atakayekuja aweze kuisimamia. Kazi ile niliipenda. Niliandika kwa mkono, kisha nikapiga chapa, nikachora na mistari ya pembeni.

Nilipofika kwenye kipengele kimoja nikakuta maelezo marefu. Kilikuwa kipengele cha kuijaribu kumbukumbu ya ndani ya prosesa, na kitabu kilisema kimepitwa na wakati: prosesa zitakazokuja hazitakuwa nacho, anayetaka kuhamia mashine mpya akizime kwanza akiwa bado kwenye ile ya zamani. Nikaguna. Mashine mpya ingetoka wapi, Lindi hii? Tena kurasa zangu zilikuwa zimetimia ishirini kamili, na maelezo yale yangenipeleka ya ishirini na moja, yenye mistari mitatu tu. Nikakifuta kipengele chote, kana kwamba hakijawahi kuwapo.

Mzee Mchopa alipoupokea mwongozo aliupapasa jalada, akaniuliza, "Umeandika yote, binti?"

"Nimeandika yote yanayohitajika," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa, akauweka kabatini. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mwiba nilikuwa nimeukanyaga, na uvimbe haukuwa mbali.

Haukupita mwaka, marafiki wa misheni wakaleta kompyuta mpya. Ile kongwe tukaipakia kwenye gari, ikapelekwa kituo cha afya cha Kilwa Masoko wakaitumie. Tulifuata mwongozo wangu hatua kwa hatua: tukatoa diski kuu, tukaifunga kwenye mashine mpya, tukawasha. Mwanga ukaja. Programu ikafunguka. Lakini mashine pepe zote nne zikagoma kuamka.

Hapo hapo nikajua. Kila mashine pepe, kabla ya kuamka, ilikuwa inaiuliza prosesa: je, kipengele fulani unacho? Prosesa kongwe ilikuwa ikijibu ninacho. Hii mpya haikuwa nacho, na ukurasa wenyewe wa usimamizi haukufunguka mpaka mashine zile zimeamka. Nilijua, mwanangu, nikanyamaza. Mzee Mchopa alivua koti, akafungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa nyaya na kuzirudisha moja moja. Mimi nikamshikia tochi. Fikiria, nimemshikia tochi mtu anayetafuta kosa nililoliweka mimi.

Kilichonifungua mdomo ni sauti ya dirishani. Kliniki ya kifua kikuu ilikuwa jirani yetu, na Sista Apolonia, muuguzi wake, alikuwa anazungumza na mgonjwa kutoka Milola, Bwana Selemani. Huyu alikuwa mkulima wa makamo, mwembamba, kofia yake mkononi. Matibabu ya ugonjwa ule yalikuwa ya miezi mingi, na dawa hubadilika kwa kadiri ya mwezi. Kadi yake ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, na mkewe yuko Rondo msibani. Daftari la karatasi tulikuwa tumeliacha. Mwezi wake ulikuwa ndani ya mashine, na mashine imelala.

"Siwezi kukupa dawa kwa kubahatisha," Sista alimwambia. "Rudi wiki ijayo."

"Sista, mimi nimekuja juu ya lori la mbao," Bwana Selemani akasema, taratibu kabisa. "Ufuta wangu umekomaa na nguruwe wanaujua kuliko mimi. Nikienda leo, sirudi. Nakwambia kweli ili usinisubiri."

Tuliwajua walioacha dawa katikati. Baadhi yao tuliwazika.

Nikaizima tochi. Nikasema, "Mzee, kosa ni langu." Nikamweleza yote, mpaka ile habari ya ukurasa wa ishirini na moja. Nilitarajia anifokee. Alikaa chini kwenye kiti, akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza swali moja tu.

"Umelijua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Alikikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya sanduku la kompyuta. Kisha akasema, "Kukosea mtu hukosea. Kosa moja haliachi mke. Lakini nusu siku hii uliyoniacha nipulize vumbi, Somoe, hii hukukosea. Hii uliichagua."

Akanyanyuka, akatoka nje, akamwendea Bwana Selemani. Sikusikia yote waliyoongea. Nilichokiona ni kwamba walishikana mikono, na jioni ile mgonjwa yule alikula ugali nyumbani kwa Mzee Mchopa. Mpwa wa Mzee, aliyekuwa dereva wa njia hiyo, alitumwa Milola kuwaambia majirani waulinde ule ufuta.

Mimi nikakabidhiwa diski, niirudishe kwenye ile mashine kongwe. Nikaifunga kwenye khanga mbili, nikaipakata kama mtoto mchanga, nikapanda lori la chumvi kuelekea Kilwa. Barabara ya siku zile ulikuwa unaishi nayo, hupiti tu. Tulikwama kwenye mchanga, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Kila gari liliporuka shimo niliinua mikono juu ili diski isigongwe. Nikalala Masoko kwa shangazi yangu, ambaye hakuelewa kwa nini sikubali kuweka kifurushi chini.

Asubuhi, pale kituo cha afya, kompyuta yetu kongwe niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua pembeni. Nikaifunga diski, nikawasha, mashine pepe zikaamka zote kama watoto walioitwa chai. Nikafungua ukurasa wa usimamizi, nikateremka kwenye orodha mpaka kwenye kile kipengele, nikaandika kizimwe. Nikahifadhi. Haikuzidi dakika moja. Nilikaa pale nikakitazama kile kioo, nikaona aibu, na papo hapo nikaona raha pia, maana jambo lilikuwa linatengenezeka. Ni neema kubwa hiyo, wala hupewi kila mara.

Nilirudi Lindi siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Mchopa aliifunga diski kwa mikono yake. Mashine mpya ikawaka, ikauliza maswali yake, ya kipengele kile haikuyauliza tena, na kioo cha kliniki kikafunguka. Bwana Selemani alikuwa mwezi wa tano. Sista Apolonia akamhesabia vidonge vyake, akamwandikia na kadi mpya.

Kabla hajaondoka nilimfuata uani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeandika kile kitabu?"

"Ndiye mimi. Naomba unisamehe."

Akavaa kofia yake. "Mimi kusoma sijui, binti. Lakini kwetu Milola, daraja likioza, tunakata tawi tunaliweka barabarani, mbali kidogo, ili mwenye gari alione kabla hajafika. Hatusemi kwamba kwa kuwa daraja limekufa basi tusilitaje. Hapo ndipo pa kulitaja." Kisha akacheka. "Na mke wa Mzee Mchopa anapika mboga tamu. Nimenenepa kwa kosa lako."

Alimaliza dawa yule, akapona. Mwaka uliofuata alituletea ufuta kwenye chupa ya soda.

Mwongozo niliuandika upya. Kila kipengele kilichokuwa njiani kuondoka nilikipa maelezo yake: kinafanya nini, kwa nini kinaachwa, kimeachwa tangu toleo lipi, nini kimechukua nafasi yake, na mtu afanye nini kabla ya kuhama. Ulifika kurasa ishirini na nne, ya mwisho ikiwa na mistari miwili. Mzee Mchopa aliusoma wote mbele yangu, siku nzima, akikipa kila mstari haki yake. Hakunisifu. Alinipa ufunguo wa kabati, na tangu siku ile hakuniuliza tena kama nimeandika yote.

Basi, mwanangu, wewe unayekalia kiti cha kazi hii sasa, nisikilize. Kipya kila mtu atakiandika, maana kipya kina watu wa kukishangilia. Wewe andika na kinachokufa. Usikifute kwa sababu kwako hakina kazi tena, kwa maana kuna mtu mbali, usiyemjua jina, ambaye mambo yake bado yanakitegemea. Mwambie mapema kwamba kinaondoka, mpe njia ya kutokea, na usikiondoe mpaka wa mwisho amevuka. Usiuonee haya ukurasa mchafu ulio kweli. Na ukikosea, maana utakosea, sema asubuhi, usingoje adhuhuri. Kosa lililosemwa hupata wasaidizi, na kosa lililofichwa huzaa jingine lisilo na udhuru.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kumwona asiyekuwapo chumbani, mkono usiochoka kuandika, na wakubwa wenye subira kama niliowapata mimi. Akulinde na sifa za bure, akujaalie usingizi wa mtu aliyesema kweli. Amina.