Raba za Mdogo Wangu

Vurugu za uchaguzi zilipotuacha bila baba wala mama, niliacha shule kidato cha pili, nikawa nafulia watu nguo mtaani kwetu Kimumu ili mdogo wangu wa kike ale. Kula alikula. Shida ilikuwa kulala. Alilala na raba miguuni, kamba zimefungwa.

"Wakija tena, nitakimbiaje?"

Nilimbembeleza, nikamgombeza. Wapi!

Kanisa likaanzisha kikundi cha waliofiwa. Kila Jumamosi tulikaa duara kwenye viti vya plastiki, mwelekezi akituuliza tunajisikiaje. Tulijisikia njaa. Nguo za watu zilikuwa zinaningoja kwenye beseni, na mdogo wangu hakutoa hata neno moja. Kilichonichoma zaidi ni Mama mmoja kutoka kijiji cha Ziwa. Watu wa kwao ndio waliochoma nyumba yetu. Yeye pia alikuwa amefiwa, lakini sikutaka kujua.

Siku moja alimkatiza mwelekezi. "Maneno yamenishinda. Mahindi yangu yanaoza. Njooni mnisaidie kupukuchua, hata mkinuna."

"Chai iko?" mwingine akauliza.

"Iko. Na maziwa ya ng'ombe, si hayo maji yenu ya Kimumu."

Walicheka. Mimi nilikwenda nimenuna.

Mahindi yalikuwa yamemwagwa kwenye turubai uani. Mdogo wangu akapanda juu na raba zake.

"Wewe!" Mama akafoka. "Chakula hakikanyagwi na viatu! Toa!"

Nilifungua mdomo nimwambie ni akina nani waliomfundisha mtoto kulala na viatu. Kabla sijasema, mdogo wangu alikuwa amechuchumaa, anafungua kamba. Akaziweka raba kando ya malapa ya wanawake, akakaa karibu na Mama, akachukua hindi.

"Anza na mstari mmoja, hivi," Mama akamwonyesha kwa kidole gumba. "Kijana wangu alikuwa anaanzia katikati. Mkaidi kama wewe."

"Ako wapi?"

"Walimuua."

"Wazazi wetu pia," mdogo wangu akasema. Wakaendelea kupukuchua.

Nilikaa pembeni nimevimba. Miezi yote hiyo nimembembeleza, na huyu mwanamke amefoka mara moja tu!

"Wewe dada mkubwa," Mama akaniita, kikombe mkononi, "utakunywa chai ama utakunywa hasira?"

Nikanywa chai, hasira ikiwa palepale.

Usiku huo mdogo wangu alilala tena na raba miguuni. Nilitaka kupiga ukuta ngumi. Nilipomfunika blanketi, nikaona kamba hazijafungwa.