Pole na Kazi kwa Kiingereza

Siku hizi pale pana duka la simu, lakini mimi nikipita Kariakoo bado naiona meza ya vitenge ya marehemu mama. Nilikuwa binti yake aliyebaki nyumbani, kwa hiyo Kiingereza chake chote kilikuwa mdomoni mwangu.

Kaka yangu alioa Ulaya, na mkewe hajui hata "mambo". Simu za kaka zikaanza kuadimika. Mama akaamini dawa ni moja tu: "Mkwe akinipenda, mwanangu atakumbuka kwao. Mwandikie."

Mkwe alikuwa amejifungua, na ndiyo kwanza amerudi kazini. Mama akanitajia cha kuandika: "Mwambie, mwanangu, pole na kazi."

Nikaandika kwenye simu, "Sorry for work." Nikaitazama. Jamani, mbona imekaa upande? Nikaitafuta mtandaoni nione kama kuna Mzungu aliyewahi kuiandika. Wakaja watu waliochelewa kazini, wanawaomba radhi mabosi wao! Nikavuka barabara hadi kwa jirani yetu, mzee wa Kihindi muuza vifungo na nyuzi, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Lete nione."

Akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Kwani mama yako ndiye aliyempa hiyo kazi? Huyo atajiuliza mmemkosea nini. Andika mnatumaini kazi inaendelea vizuri."

Nikaandika hivyo, nikarudi kumtafsiria mama. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyemtajia nusu bei.

"Hayo maneno ya msimamizi! Mimi nampa pole, wewe unamkagua? Ana kichanga, ana kazi, na huko hana mama wa kumpokea mtoto. Weka pole yangu."

"Mama, Kiingereza hakina pole hiyo."

"Hakina? Sasa wakichoka wanaambianaje?"

Nilikuwa na kiburi cha shule tu, na kiburi hicho kiliogopa kuchekwa na mwanamke nisiyemjua. Nikamwambia mama, "Haya, nimeirudisha," kisha nikatuma ile ya mwalimu. Nilimdanganya mama yangu mzazi kwa ajili ya sarufi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jibu lilikuja kesho yake, tukiwa kwenye meza ya vitenge. Kazi inaendelea vizuri, asante kwa kuuliza. Basi, halina zaidi. Nililisoma mara mbili nikitafuta hata chembe ya kumpa mama, nikakosa.

Mama alikuwa anakunja kitenge. Akauliza bila kuinua kichwa, "Haya, pole yangu kaijibuje?"

"Amesema ameshapoa."

Akaacha kukunja. Siku ile hakuna mteja aliyeondoka pale bila kuambiwa kwamba mkwe wake wa Ulaya ameshapoa.