Zima na Pima

Nyumbani kwetu dada yangu tulimwita Redio, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona akipika wala akifagia huku mdomo umefungwa. Kwa hesabu za ukoo ni mtoto wa mama mkubwa, lakini tumelelewa kwa chungu kimoja, kwa hiyo ni dada tu, na mama yake ni Mama. Kati ya kitanda chake na kitanda cha Mama palikuwa na pazia, na pazia halizuii sauti. Balaa lilipitia hapo.

Hakuanza kwa kuimba. Mwaka wa kwanza pale chuo cha ufundi umeme alisoma kama alivyoelekezwa na wenye akili zao. Aliamka alfajiri, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Yakaingia mafua, umeme ukabaki nje. Alinunua kalamu za rangi akapigia mstari kila kilicho muhimu, mpaka kitabu kizima kikawa muhimu na yeye asijue aanzie wapi. Akajiunga na kikundi cha kujisomea ambacho mwenyekiti wake nilikuwa mimi, na yeyote anayejua diploma yangu iliishia wapi atakisia tulisoma nini. Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa chini kabisa, pale karatasi ilipoanza kuchanika.

"Kichwa changu ni gunia lenye tundu," alilia.

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka. "Hata jina lako mwenyewe ulilijua kwa kuimbiwa. Leo nani kakwambia usome kimya kimya kama mwizi?"

Basi Redio akachukua wimbo ambao Mama alikuwa akimbembelezea alipokuwa mchanga, akautoa maneno ya usingizi, akatia ya umeme. Wallahi, lilikuwa jambo la ajabu. Rangi za nyaya zikaingia. Vipimo vikaingia. Muhula uliofuata jina lake lilipanda juu ya karatasi, na wale wa kalamu za rangi wakaanza kumwomba awaimbie.

Ndipo akafika kwenye sheria ya kwanza ya fundi, ile ambayo mwalimu aliiita sheria ya mikono. Kitabu kiliiandika kwa maneno manne: zima, funga, pima, shika. Zima swichi. Ifunge kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako, mtu asije akaiwasha nyuma yako. Kisha pima kama umeme umekufa kweli. Mwisho ndipo ushike.

Lakini sikio la mwimbaji lina mapenzi yake. Zima akimwona pima amesimama mbali hatulii mpaka wakae pamoja. Redio alipoimba, yalitoka hivi:

*Zima na pima, funga na shika,*
*mwenye papara mkono hukatika.*

Tamu, au sio? Tulikuwa watatu ndani ya nyumba na hakuna aliyeshtuka. Nyuma ya pazia Mama akaudaka mstari wa pili akaitikia, kwa kuwa mdundo ulikuwa wake tangu zamani.

Mama alikuwa anasafisha mashine za kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Mle ndani ya pipa la chuma kuna mkono wa chuma uliojikunja kama ndoana, mnene kuliko paja la mtu, na hauna habari kama kilichomo ni unga au ni mama wa mtu. Msafishaji huinama ndani hadi mabegani, akakwangua unga uliogandia chini. Swichi za mashine zote zimepangwa ukutani kwenye ubao mmoja, zinafanana kama mapacha, na pembeni yake ipo swichi ya feni ya tanuri. Makufuli yananing'inia msumarini, huko mlangoni, upande wa pili wa chumba. Mchomaji mikate ni mtu mwema, ila ana haraka ya kuzaliwa nayo. Feni yake ikizimika, huinua swichi ya kwanza inayomjia mkononi.

Mama akaupeleka wimbo kazini. Wasafishaji wenzake wakaupenda. Kwao kupima ni kubonyeza kitufe cha kuwashia uone kama mashine imekufa, kwa hiyo wimbo uliwafaa: unazima, unabonyeza, kimya, unatembea hadi mlangoni kuchukua kufuli, unarudi. Msimamizi akafurahi. "Tangu waanze kuimba," alikuwa akiwaambia wageni, "hakuna hata aliyekwaruzwa." Na ilikuwa kweli. Ndivyo ilivyo bahati, haikuagi inapoondoka.

Siku ya mtihani wa vitendo Redio alisimama mbele ya ubao akiwa na taa ya kupimia na kufuli lake jipya. Msahihishaji, mzee mwembamba asiyecheka, alisimama begani kwake. Redio akaimba chini chini. Akazima. Akapima, taa haikuwaka. Akainama kuchukua kufuli. Mzee akanyoosha kidole, akainua swichi taratibu, kama mtu anayefunika mtoto shuka.

"Haya," akasema, "shika sasa."

Redio akagusisha taa kwenye waya. Ikawaka.

"Marehemu," yule mzee akamwambia, "nenda ukakae."

Wenzake walicheka. Yeye hakukaa, wala hakulilia alama. Nilikuwa nje ya geti la chuo namsubiri ili nimtanie, nikamwona anatoka mbio, kufuli mkononi.

"Simu ya Mama!" alisema.

"Simu anaiacha nyumbani, si unajua hawaruhusiwi kuingia nazo?"

"Basi twende. Zamu yake inaingia sasa hivi."

Tulikimbia. Njiani alinieleza kwa vipande vipande, akihema, na nilipoelewa nikaongeza mbio. Si kawaida yangu.

Tuliwakuta wasafishaji kwenye geti la kiwanda wakiwa wamejipanga na aproni zao, Mama katikati, nyuma yake Shangazi Kengele, ambaye akinong'ona mtaa mzima unasikia.

"Mama, wimbo una makosa."

"Wimbo upi, mama?"

"Ule. Nilikosea mimi. Kufuli kwanza, kupima baadaye. Zima, funga, pima, shika."

Shangazi Kengele akaangua kicheko. "Hiyo haiimbiki, mwalimu! Hebu isikieni inavyochechemea. Zima, funga… aa! Wimbo wako mwenyewe unakupotea?" Akageukia wenzake, akanyanyua kidole. Wakauimba wote, vizuri, kwa sauti ya kwanza na ya pili, kumkumbusha mtunzi alichokitunga.

"Ukishapima, ukaenda kufuata kufuli," Redio akasema juu ya sauti zao, "mtu akawasha, utajuaje?"

"Nani awashe?" Mama akauliza. "Mtihani umekuchanganya, mwanangu. Nenda kanywe maji."

Msimamizi akachungulia. "Nyie wawili, mlango si wenu. Fundi ana cheti. Una cheti?" Hatukuwa nacho. Mimi nilikuwa na nusu, nikaona nisiitaje.

Hapo Redio akaacha kueleza. Akaushika mkono wa kulia wa Mama, ule wa kubonyezea, akaweka kufuli lake kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Mkono huu usiachie kufuli mpaka ulitundike kwenye swichi. Hata ukiimba unavyotaka."

"Haya, haya. Mtoto wa mjanja." Mama akacheka, akaingia nalo. Geti likafungwa.

Nyuma ya kiwanda kuna dirisha la wavu linalotoa joto. Tulisimama chini yake, jasho likitutoka, tukisikiliza mashine zikinguruma. Ya kwanza ikanyamaza. Sauti ya Mama ikaanza: "Zima na…"

Ikakatika.

Redio alikuwa ameushika ukuta kwa viganja vyote viwili. Nilisikia unga ukichujwa mahali fulani, na mtu akikohoa. Halafu: kach.

"…pima," Mama akamalizia, amechelewa, nje ya mdundo kabisa, kama mtu anayejikwaa kizingitini. Kufuli lilikuwa limetangulia. Sijawahi kusikia wimbo mbaya vile nikaupenda vile. Redio alikalia visigino vyake, akafunika uso.

Mashine ya pili ikanyamaza.

Sauti ya Shangazi Kengele ikapanda, tamu, haina kasoro. Zima na pima. Kitufe kikabonyezwa. Kimya. Viatu vyake vikaanza kuburuzika kuelekea mlangoni, kwenye msumari wa makufuli, halafu vikarudi taratibu, na alikuwa bado anaimba, kach ya kufuli haijasikika. Kutoka upande wa tanuri mchomaji akapaza sauti:

"Nani kanizimia feni?"

Redio akaruka juu, akauvamia wavu kwa ngumi mbili, akaanza kupiga kelele. Tangu azaliwe sikuwahi kumsikia akipaza sauti bila mdundo.