Kompyuta Isiyojua Tarehe

Mara ya kwanza nilipoingia kwa Mwanne Bashiri, pale Kikuyu ya Dodoma mjini, nilikwenda kumnyang'anya kompyuta yake kwa maneno matamu. Sioni haya kulisema. Ilikuwa mwaka 1998. Nilikuwa nimeleta kompyuta tatu za mtumba kutoka Dar es Salaam. Mbili zilichukuliwa upesi, ya tatu ikanikalia dukani kama mgeni asiyejua kuaga. Nikasikia kuna mama mmoja wa Kondoa anapiga chapa kwa mashine ya Dosi, ile ya maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi, wakati wenzake wote wameshahamia Windozi. Nikasema, huyo ndiye. Mwenye kitu kichakavu ni nusu mteja tayari.

Nilimkuta chumba cha mbele, miwani puani, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama.

"Karibu kaka. Umekuja kuuza nini?"

"Umejuaje nauza? Labda nina kazi ya kuchapa."

"Mwenye kazi ya kuchapa huja na karatasi. Wewe umekuja na macho tu, tena yako kwenye mashine yangu."

Hapo nilijua sitapata kitu siku hiyo. Nikakaa, nikaagiza chai mbili kwa mama wa jirani, nikamwacha aongee.

Mwanne alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma kwa miaka kumi na minne. Mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa, yeye alikuwa katika kundi la kwanza. Vitu vya ofisi vikapigwa mnada. Wenzake waligombania feni, viti vya kuzunguka na jokofu la mkurugenzi. Yeye alingoja mpaka ikatajwa kompyuta aliyokuwa akiitumia, akanyoosha mkono, na hakuna aliyempandia dau kwa sababu hakuna aliyejua inawashwa wapi.

"Nilimnunua mfanyakazi mwenzangu kwa bei ya meza," aliniambia. "Wale wa jokofu wananunua barafu leo."

Kompyuta yenyewe haikuwa na hadi diski, yaani lile tumbo ambamo kompyuta za sasa huhifadhi kila kitu. Ilikuwa na midomo miwili ya disketi. Mmoja unalishwa Dosi, mwingine unalishwa kazi. Ukichomoa disketi ukazima, imesahau yote. Ukiwasha tena, kitu cha kwanza inakuuliza leo ni tarehe ngapi.

"Mama Shamimu," nikamwambia, maana Shamimu ndiye mwanawe wa kwanza, "hiyo ni ya makumbusho. Ninayo ya Windozi, ina rangi, ina kipanya."

"Lete tuzishindanishe."

Kesho yake nikaibeba mpaka kwake. Tukaziwasha pamoja. Yangu ikaonyesha yale mawingu yake kwenye anga la bluu, ikaanza kuguguna ndani kama panya kwenye mahindi. Ya kwake iliuliza tarehe, akaijibu, akaweka disketi ya pili, akachapa barua ya mtu anayeomba likizo, akaitoa kwenye printa, akaisoma. Mawingu bado yapo.

"Kaka Batho, mawingu haya yananyesha, au ni kama ya hapa kwetu Dodoma?"

Wateja waliokuwa barazani wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mfanyabiashara asiyejua kuchekwa auze jeneza. Lakini sikuibeba kurudi nayo. Nilimwambia, "Kaa nayo mwezi mmoja, usinipe kitu." Nilijua wanafunzi wa vyuo wataiona.

Wakaiona. Mmoja alitaka jina lake liandikwe kwa herufi za kulala, mwingine alitaka jedwali lenye kivuli, wa tatu akataka ua pembeni mwa ukurasa. Dosi ya Mwanne haikujua maua. Mwezi haujaisha akanitumia salamu niende. Tulivutana wiki mbili, chai nikinunua mimi. Mwisho tukapatana: ananipa mashine ya zamani na pesa juu, mimi nampa ya Windozi, kifuniko cha plastiki na rimu mbili za karatasi. Alichomoa disketi zake, akafuta vumbi kwenye mashine ya zamani kwa upande wa kanga, akanisukumia. "Chukua." Hakulia, wala mimi sikumpa pole.

Wiki ileile nikaiuza kwa Iddy, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Bahi. Koboleo lake lilikwenda kwa dizeli, umeme kwake haujafika. Nilimuuliza ya nini basi. Akasema, "Ya kukaa mezani." Pesa yake ilikuwa nzuri kama ya mtu mwingine yeyote.

Mambo yakatulia mpaka Julai. Nilikuwa kwa Mwanne, nimempelekea utepe wa wino wa printa, alipoingia Mwalimu Nikodemo, katibu wa kamati ya walimu wakuu wa shule kumi na nne za upande wa Bahi. Kila mwaka mtihani wao wa majaribio wa darasa la saba ulichapwa na Mwanne. Kazi hiyo moja ndiyo iliyomlipia kile chumba mwaka mzima. Na mwenye nyumba alishasema wazi kwamba kodi ikichelewa safari hii, chumba atampa mtu wa bia.

Mwalimu hakukaa. Aliitazama meza.

"Shikamoo Mwalimu," akasema Mwanne.

"Marahaba. Ile nyingine iko wapi?"

"Nimeibadilisha. Hii ni bora zaidi, ina herufi za kila namna."

"Inajua tarehe?"

"Inajua, Mwalimu. Mpaka saa na dakika!"

Mwalimu akavua kofia. "Basi haitufai."

Nilidhani anatania. Kumbe miaka mitatu nyuma, mtihani wa tarafa ya jirani ulivuja kwenye kompyuta ya ofisi fulani, na watoto wakapata arobaini na nane juu ya hamsini, akiwemo mmoja aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe. Kamati ikaweka utaratibu wake. Mwalimu anakuja na bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Anakaa kando ya Mwanne asubuhi hadi jioni, hata chooni haendi mpaka Mwanne naye asimame. Kazi ikiisha anachukua disketi, anachukua na utepe wa wino kwa sababu utepe nao husomeka. Halafu Mwanne anazima mashine na kuiwasha mbele ya macho yake. Ikiuliza leo ni tarehe ngapi, Mwalimu anatia saini. Mashine isiyojua hata tarehe, walisema walimu, itamwambia nani maswali?

Nikaingilia. "Mwalimu, tutaufuta wote. Utasimama hapa uone."

"Ubao ukishafutwa, mtoto wa dawati la mbele bado anasoma."

"Basi nitaitoa hadi diski yenyewe, uondoke nayo."

"Na ukishaitoa, hiyo Windozi yako itawaka?"

Isingewaka, naye alijua. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Nitarudi Jumanne," akasema. "Ikiwepo ile ya zamani, tunafanya kazi. Isipokuwepo, mtihani unakwenda kuchapwa Manyoni."

Alipotoka, Mwanne alinigeukia taratibu.

"Kaka Batho, mashine yangu iko wapi?"

"Bahi. Kwa Iddy wa koboleo."

"Kwake kuna umeme?"

"Hakuna."

Nilitegemea matusi. Badala yake alicheka mpaka akavua miwani. "Umeuza kompyuta pasipo na umeme, halafu mimi ndiye niliyepitwa na wakati!"

Nisidanganye kwamba nilimhurumia. Shule kumi na nne zinakula karatasi nyingi, na karatasi alizinunua kwangu. Nikasema nitamrudishia mashine, ila anirudishie hii ya Windozi na asidai ile pesa aliyoongeza.

"Sidai. Ila zote mbili zinabaki hapa."

"Mbili za nini?"

"Wanafunzi na maua yao niwapeleke wapi?"

"Na mimi napata nini?"

"Karatasi, wino, utepe, vyote kwako miaka miwili."

"Kwa bei ya duka," nikasema. "Siyo bei ya undugu."

"Kwani tuna undugu gani?" Tukapeana mikono.

Jumamosi tukawa Bahi. Nilibeba kioo kimoja kikubwa cha kompyuta kilichokufa safarini, kizito kama gunia. Iddy alikuwa ofisini. Mashine ya Mwanne ilikaa katikati ya meza, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, juu yake chupa ya maua ya plastiki.

"Hiyo haitoki," akasema kabla sijamaliza salamu. "Tangu iingie humu, mizani yangu haibishiwi. Watu wanadhani inaipima mizani."

"Bwana Iddy, nimekuletea kubwa mara mbili. Lakini nakwambia ukweli, imekufa."

"Kwani hii ilishawahi kuwa hai hapa?"

Akakizunguka kile kioo, akakipiga kofi mgongoni kama anayenunua ng'ombe. Alipenda upana wake, akakataa kusema kwamba amependa. Akataka nyongeza. Mwanne akamuuliza anataka nini.

"Karatasi ya mlangoni. OFISI, PIGA HODI. Herufi kubwa, na ua."

"Ua utalipata," akasema Mwanne, akanitazama pembeni. "Lile la Windozi."

Jumatatu tukaiwasha pale Kikuyu. Haikusoma kitu. Ilikoroma, ikaacha. Midomo yote miwili ilikuwa imejaa vumbi la pumba. Mimi nilianza kuwaza Manyoni. Mwanne hakuwaza, alikunja mikono, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akasafisha kwa pamba na spiriti kama anayemsafisha mtoto masikio, huku akimtukana Iddy kwa Kirangi. Akafunga. Akaweka disketi ya Dosi. Ikaguguna kidogo, kisha yale maandishi ya kijani yakatokea, ikauliza tarehe.

"Jumatatu, mwanangu," akaijibu kwa sauti, halafu akaiandikia tarehe inavyotakiwa.

Mwalimu Nikodemo alifika Jumanne na bahasha yake. Nilichungulia mchana nikamkuta amekaa wima, kofia gotini, anatazama vidole vya Mwanne kama anayelinda mpunga na ndege. Saa kumi na moja akatia saini.

Watu huniuliza mpaka leo kama mifumo ya zamani ina maana. Mimi huwauliza wao wanataka kufanya kazi gani. Kwa jedwali lenye kivuli, Dosi ni gari bovu. Kwa siri ya walimu kumi na wanne, kusahau kwake ndiko kulikokuwa ubora wake, nami sikuwa nimeuona kwa sababu nilitazama umri nikaacha kutazama kazi.

Sasa hesabu ya kila mtu. Walimu walipata mtihani uliofika shuleni bila kuvuja. Iddy alipata kioo kikubwa na karatasi ya mlangoni. Mwanne alibaki na chumba chake na mashine mbili mahali palipokuwa na moja, na mtu wa bia akatafute pengine. Mimi nilipoteza faida yote ya ile mashine ya Dosi, nauli, na kile kioo. Nikapata mteja wa karatasi kwa miaka miwili, ambaye hakuwahi kulipa bei ya duka hata siku moja, kwa kuwa kila nilipoitaja aliniuliza habari za Bahi. Mwaka uliofuata akaniletea na mama mwingine, mpiga chapa mwenzake wa Miyuji, anatafuta kompyuta ya Dosi isiyo na hadi diski, pesa mkononi. Nilikuwa nimeziacha nne za namna hiyo Dar kwa kuziona takataka. Yule mama akanunua kwa mtu mwingine.