Skrembla na Baraza ya Mama

Pikipiki yangu ni ndogo kwa injini na ndefu kwa miguu. Ni ile aina tunayoiita skrembla: ina taa na namba za kwendea lami, na ina tairi za meno za kwendea mchanga. Niliipenda kwa sababu Jumamosi naweza kutoka Malindi mjini, nikaiacha lami, nikapotelea njia za Jilore mpaka njaa inikumbushe nyumbani. Siwezi kusema mimi ni mwendeshaji hodari. Nimeanguka mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilikuwa nimesimama.

Mama hakuipenda. Na niseme haki, sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Kiti kiko juu, hakuna keria ya kuwekea kikapu, na mtu mwenye mvi kama mimi anarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi. Tena inalala katika daka la nyumba yake, pale wanapopokewa wageni. Siku moja akanimalizia maneno.

"Nipeleke Kakuyuni nikaone minazi yangu. Ikinipeleka na kunirudisha, ikae. Ikishindwa, iuze, utafute ya watu wazima."

Nilikubali upesi mno. Sikukaa kufikiri, na hiyo ni tabia yangu.

Kupanda hakukuwa na shida. Niliisogeza mpaka kwenye baraza yetu ya mawe, mama akasimama juu ya baraza, akakusanya buibui lake, akaketi upande kama mtu anayeketi kitini. Kimo kilikuwa sawasawa, utadhani fundi aliyeijenga baraza ile zamani alipima kiti cha skrembla. Watu wa bodaboda wa steji iliyo ng'ambo ya njia walikuwa wakitutazama.

"Ndugu yangu," mmoja akaniambia, "huyo ngamia wako umeshamfundisha kupiga magoti?"

Nilicheka. Sikujua kwamba nimeulizwa swali la maana.

Tulikwenda vizuri. Tukaipita Ganda, lami tukaiacha, na kwenye mchanga ule ambao bodaboda husukumwa, skrembla ilipita inaimba. Mama alinigonga bega mara moja tu. "Polepole, mimi si gunia." Shambani akateleza chini mwenyewe, akaenda kukagua minazi pamoja na jirani, mama wa Kigiriama anayetuangalizia shamba.

Wakati wa kurudi ndipo nilipoona. Shamba halina baraza.

Mguu wa mama haufiki kule juu, na goti lake halitaki kusikia. Tulijaribu ndoo, ikabonyea. Nikatupia jicho kinu cha jirani, akanisoma kabla sijafungua mdomo. "Kinu changu hakikanyagwi." Nikailaza pikipiki kidogo ili mama aketi kisha niiinue, nusura niangushe vitu vitatu pamoja: mama, pikipiki na heshima yangu. Mama akaenda kuketi kwenye mkeka, akajipepea.

"Niitie bodaboda," akasema, "kisha uanze kutafuta mnunuzi."

Wallahi simu nilikuwa nimeshaitoa mfukoni. Jirani akaniambia, "Ngoja bai, ngoja basi. Kwani lazima mama apande juu? Si uishushe hiyo chini?"

Akanyoosha mkono kwenye mtaro uliochimbwa na mvua kando ya shamba, kina chake kama kiunoni. Bodaboda ikitumbukia humo, hutolewa kwa kamba. Mimi nikashuka na skrembla kwenye mteremko wa mwanzo, injini ikanizimikia mara moja, nikaiwasha tena, nikaisogeza mpaka kiti kikawa sawa na ukingo.

"Usikae upande, mama," jirani akasema. "Kutokea ni kilima. Kaa kiume."

Mama akatazama kushoto na kulia. "Nani yuko?"

"Mimi na mbuzi."

Akajifunga leso juu ya buibui, akapanda kiume. Nikatia gia ya kwanza. Tairi la nyuma likacheza, mama akanibana mbavu, akapiga bismillahi ya kusikika Malindi, tukatoka.

Tulipofika kwenye lami akasema, "Simama nikae vizuri." Nikasimama. Akatazama chini, akatazama pande zote mbili za barabara. Pale hapakuwa na baraza wala mtaro.

"Twende," akasema.

Basi tukaingia mjini hivyo hivyo. Pale steji watu waligeuka kututazama. Kisha yule wa asubuhi akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngamia hupiga magoti. Mpandaji ndiye hajui pa kumpigisha."

Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa na kofia ngumu kichwani, nashukuru.

Aliposhuka kwenye baraza hakusema ikae wala iuzwe. Siku mbili sikuthubutu kuuliza. Katika daftari langu niliandika sababu za pikipiki na sababu za mama, na kila nikisoma naona mama ameshinda. Siku ya tatu nikamwendea jikoni, maana kunyamaza kulianza kuonekana kama wizi.

"Mama, kusema kweli pikipiki ilishindwa. Aliyekurudisha ni jirani."

"Najua," akasema, anakuna nazi. "Ndiyo maana nimemwambia fundi apeleke mawe Kakuyuni. Atajenga baraza, kimo cha hii yetu."

"Ya kukalia wageni?"

"Wageni gani watafika kwa njia ile? Fundi anataka kipimo. Usimpe cha kichwani mwako, nakujua."

Nikatafuta kamba, nikaenda dakani kupima kiti cha skrembla. Nilipima mara mbili, kisha nikamwita mama mwenyewe aje apime.